Kuipima riwaya ya mapenzi ya kauboi: jibu kwa mwalimu wa Iringa

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mkoani Iringa. Tuna kikundi cha kusoma cha walimu sita, na safari hii nimepangiwa kuhakiki riwaya tatu za mapenzi za Kimarekani nilizozipata kwenye vitabu vya mtumba. Zote zinatokea katika nchi ya makauboi, karne ya 19. Ya kwanza ni ya msichana anayesafiri kwa treni kwenda kuolewa na mtu anayemjua kwa barua tu. Ya pili ni ya mjane mwenye ranchi na kibarua wake. Ya tatu ni ya afisa wa jeshi la farasi aliyepigana na Wahindi Wekundu, akajuta, kisha akampenda binti wa mwenye duka. Mwenzangu mmoja ameniambia nisipoteze muda, kwa kuwa mwisho wa vitabu hivi unajulikana tangu kwenye jalada. Lakini ya tatu imeniliza. Nizipime kwa vigezo gani?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, na niruhusu nianzie pale mwenzako alipoishia. Ni kweli kwamba mwisho unajulikana. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliifafanua riwaya ya mapenzi kwa masharti mawili: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini cha kitabu, na mwisho uridhishe moyo na uwe wa matumaini. Kwa hiyo mwisho mwema katika utanzu huu ni sharti, kama vina na mizani vilivyo sharti katika shairi la kimapokeo. Hakuna anayemlaumu mshairi kwa kuwa beti zake zina vina. Tunamlaumu pale kina kinapomlazimisha kuleta neno ambalo maana haikuliita. Vivyo hivyo, ndoa iliyo katika ukurasa wa mwisho huulizwa kama imeitwa na yote yaliyotangulia, au imeburutwa tu kwa sababu kitabu kimefika mwisho. Mwenzako anauliza kama mwisho unajulikana. Mhakiki anauliza kama umelipiwa.

Sisi tuliosomea fasihi tumezizoea riwaya za namna hii kwa jina la riwaya pendwa, na kwa miaka mingi jina hilo limetamkwa kwa dharau kidogo, kana kwamba kitabu kinachopendwa na wengi hakina cha kuhakikiwa. Mimi dharau hiyo siikubali. Kitabu kinachosomwa na mamilioni kinawafundisha mamilioni nini cha kutamani, na nani wa kumsahau. Kwa sababu hiyo kinastahili kusomwa kwa umakini uleule tunaoutoa kwa riwaya ya mtihani.

Kigezo changu kikuu ni swali moja. Chukua wapendanao wale wawili, uwavue kofia pana, uwaondolee farasi na vumbi, uwahamishie katika ofisi moja mjini London. Kama kisa chao kinabaki kilekile, basi mandhari ni pambo, na kitabu kimeshindwa kuwa riwaya ya Magharibi, yaani ya nchi ile ya makauboi magharibi mwa Marekani, hata kama kimefaulu kuwa riwaya ya mapenzi. Katika riwaya iliyo nzuri, nchi ile yenyewe, kwa ukame wake, umbali wake, sheria zake za ardhi na damu iliyomwagika juu yake, ndiyo inayowakutanisha wapendanao, inayowazuia, na inayoamua watatoa nini ili wawe pamoja. Mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Utanzu huu una mzizi unaojulikana, na kwa kuwa wewe ni mwalimu, mzizi huo una jambo la kukugusa. Mwaka 1902 Owen Wister, mwanasheria wa Philadelphia ambaye alikwenda Wyoming kwa mara ya kwanza mwaka 1885 kutafuta afya, alichapisha riwaya iitwayo The Virginian. Shujaa wake ni kauboi asiyetajwa jina lake halisi kitabu kizima. Mpenzi wake ni Molly Wood, mwalimu wa kike anayetoka Vermont kwenda kufundisha shule ya kijijini Wyoming. Mengi ya yale tunayoyakuta leo katika riwaya hizi yamo mle tayari: mwanamume mkimya aliyezoea porini, mwanamke msomi kutoka mashariki mwa Marekani, vitabu anavyomwazima, jeraha analomuuguza, na ule mkesha wa harusi ambapo mwanamke anamwambia kwamba akienda kupigana bastola hakutakuwa na ndoa, naye anakwenda, anarudi mzima, na mwanamke anampokea.

Lakini kabla ya hapo liko jambo zito zaidi, na ndilo ningependa ulisome polepole. Kauboi huyu anashiriki kuwanyonga watu walioshikwa kwa wizi wa ng'ombe, na mmoja wao alikuwa rafiki yake mwenyewe. Molly anapopata habari anaingiwa na hofu. Anayemtuliza ni hakimu mstaafu ambaye ndiye mwenye ranchi na mwajiri wa kauboi huyo. Anamweleza kwa kirefu kwamba mahali ambapo mahakama hazifanyi kazi, raia huichukua tena sheria mikononi mwao, na kwamba kitendo hicho kinatofautiana na kule kusini mwa Marekani ambako watu weusi walikuwa wakichomwa hadharani. Zingatia ufundi uliomo humu. Msomaji aliyekaa mjini anayaona mambo kwa macho ya Molly; Molly akimkubali mtu huyu, msomaji naye amekikubali kitanzi. Mapenzi yamepewa kazi ya kutoa hukumu, na ameitoa mwanamke ambaye hoja ilikwisha kuandaliwa kwa ajili yake.

Sasa weka historia kando ya riwaya. Aprili 1892, katika Johnson County huko huko Wyoming, wafugaji wakubwa walikodi watu wa bunduki kutoka Texas ili wakawaue wale waliowaita wezi wa ng'ombe, ambao wengi wao walikuwa wafugaji na wakulima wadogo. Waliwaua wanaume wawili katika ranchi moja kabla ya wakazi wa wilaya hiyo kuwazingira, na jeshi ndilo lililokuja kuwaokoa wavamizi. Hakuna aliyetiwa hatiani. Wister alikuwa na urafiki na wafugaji wakubwa, na riwaya yake inasimama upande wao. Ukiihakiki leo unapaswa kusema mambo mawili kwa pamoja, bila moja kulifuta jingine: kwamba usawiri wa mapenzi yale ni wa hali ya juu, na kwamba mapenzi hayo yametumika kuuza upande mmoja wa kesi ya damu. Ukiweza kuyashika mawili hayo katika aya moja, tayari unaijua kazi hii.

Baada ya Wister hadithi hizo zilienea kwa bei ya chini. Jarida la Ranch Romances, kwa mfano, lilianza kutoka mwaka 1924 na halikufungwa hadi mwaka 1971. Vitabu vyako vitatu ni wajukuu wa ukoo huo, na sasa nivijie kimoja kimoja.

Msichana wa treni kwanza. Kabla ya reli mbili kuungana huko Utah tarehe 10 Mei 1869, safari ya kuvuka bara kwa gari la kukokotwa na maksai ilichukua miezi. Baada ya hapo ikawa ni kama wiki moja. Magazeti ya matangazo ya ndoa yalikuwepo kweli, barua zilikwenda na kurudi, na wapo wanawake waliosafiri namna hiyo. Kwa hiyo msingi wa kisa ni halali. Linalobaki ni sababu: kwa nini msichana huyu aolewe na mtu asiyemjua? Usiiache riwaya ikujibu kwamba hakuwa na njia nyingine, kwa maana sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilimruhusu mwanamke asiye na mume, aliyetimiza miaka 21, kuomba ekari 160 kwa jina lake mwenyewe, kwa ada ndogo, mradi aishi pale, ajenge, na alime kwa miaka mitano. Aliyekuwa na mume kwa kawaida hakuruhusiwa kuomba kwa jina lake. Unaona uzito wa jambo hili? Kwa msichana wa Magharibi, kuolewa kungeweza kuwa ni kupoteza haki ya kuomba shamba. Mwandishi anayelijua hilo ana mgogoro mkubwa mkononi bila kuhitaji jambazi hata mmoja: mwanamke anampenda mwanamume, na kumpenda kunamgharimu ekari 160.

Bila shaka zipo sababu za kweli za kuchagua ndoa. Huenda hana miaka 21. Huenda hana mtaji wa jembe na maksai, au ana wadogo zake wa kuwalisha, au anakimbia deni la baba. Angalia kama kitabu chako kinazitaja, na kama sababu hiyo inaendelea kumsukuma baada ya sura ya tatu au imesahauliwa. Na kama kisa kimewekwa Wyoming baada ya Desemba 1869, mhusika huyo akishakaa pale anakuwa mwanamke mwenye haki ya kupiga kura, jambo ambalo mama yake aliyebaki New York hana. Riwaya inayompeleka Wyoming bila kulitaja hilo hata kwa sentensi moja imeiokota Wyoming kwenye ramani tu.

Hapa wewe, kama msomaji wa Kiswahili, una faida ambayo usiidharau. Kisa cha ndoa kutangulia na mapenzi kufuata si kigeni kwetu. Tunazijua ndoa zilizopangwa na wazee, tunaijua ndoa ya mkeka, na wengi wetu tumelelewa na bibi na babu walioonana kwa mara ya kwanza siku ya harusi. Tunajua kwamba mapenzi yanayokuja nyuma ya ndoa hayaanzi kwa busu. Yanaanzia kwa nani ameamka kwanza kuwasha moto, nani amesema ameshiba ili chakula kimfikie mwenzake, nani ameanza kungoja mlango ugongwe. Tafuta mambo hayo katika kitabu chako cha kwanza. Kama mume na mke wanaishi chini ya dari moja kurasa mia mbili na hatujui nani anapika, mwandishi ameruka mahali penyewe ambapo mapenzi ya namna hiyo huzaliwa.

Riwaya ya mjane na kibarua wake hupimwa kwanza kwa hesabu. Kauboi wa kawaida wa miaka ya 1870 na 1880 alilipwa kama dola 30 hadi 40 kwa mwezi, na kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa ya msimu. Mtu wa mshahara huo hawezi kununua ranchi, na tofauti hiyo kati ya mwajiri mwanamke na mwajiriwa mwanamume ni hazina kwa mwandishi: nani anatoa amri, nani anakula meza gani, majirani wanasema nini mnadani. Mwandishi mvivu huiogopa hazina hiyo, akaifuta katika sura ya mwisho kwa kutuambia kwamba kibarua alikuwa mtoto wa tajiri muda wote. Hicho ndicho kina cha kulazimisha nilichokutajia mwanzo.

Kisha tazama kama riwaya inajua mifugo inavyokufa na inavyookoka. Joseph Glidden alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya seng'enge yake mwaka 1874, na katika muda mfupi nyanda zilizokuwa wazi zikaanza kugawanywa. Anayeziba njia ya mto amewaua ng'ombe wa jirani bila kufyatua risasi. Majira ya baridi ya mwaka 1886 hadi 1887 yaliua mifugo kwa wingi kiasi kwamba wafugaji wengi wa nyanda za kaskazini walifilisika, na ufugaji wa kuachia ng'ombe watembee bila ua haukurudi tena kama ulivyokuwa. Mjane mwenye ranchi Montana mwaka 1888 ambaye haikumbuki baridi ile ni sawa na mkulima wa kwetu asiyeukumbuka mwaka wa njaa.

Ili nikuonyeshe kwa karibu ninachokitafuta katika sentensi zenyewe, nimetunga vipande viwili vya tukio moja: mjane Ruth anarekebisha ua pamoja na kibarua. Hiki ni cha kwanza:

“Moyo wa Ruth ulidunda kama ngoma alipoyaona macho yake ya samawati. Hakuwahi kumwona mwanamume mwenye nguvu namna ile. Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima, na ranchi yote ikang'aa kama dhahabu.”

Na hiki ni cha pili:

“Seng'enge ilimponyoka, ikamchana kiganja. Hakusema kitu, alikifunga kitambaa, akaendelea kuvuta kwa mkono wa kushoto. Ruth akavua glovu zake, akaziweka juu ya nguzo iliyokuwa kati yao. Zilikuwa za marehemu, na yeye kila asubuhi huzijaza pamba vidoleni ili zimkae. Walipofika nguzo ya nne aligeuka kuchukua nyundo, akaona amezivaa. Zile pamba alikuwa amezikusanya, amezitia katika mfuko wa shati.”

Kipande cha kwanza hakina kosa la lugha, na bado hakijatuambia lolote, kwa sababu maneno yake yangeweza kusemwa na mwanamke yeyote juu ya mwanamume yeyote. Katika cha pili halikutajwa neno mapenzi wala moyo. Tumejua hata hivyo kwamba Ruth ni mjane, kwamba amebeba kazi ya mikono mikubwa kuliko yake, kwamba ameshiriki kitu cha mumewe na mtu mwingine kwa mara ya kwanza, na kwamba mtu huyo ameelewa thamani ya kitu kidogo ambacho mwingine angekitupa majanini. Muda umepimwa kwa nguzo. Na tukio hilo halihamishiki, kwa kuwa bila seng'enge hakuna jeraha, na bila ujane ule hakuna glovu. Fungua kitabu chako cha pili katika kurasa tano zozote, uhesabu ni sentensi ngapi za aina ya kwanza na ngapi za aina ya pili. Zoezi hilo litakufaa zaidi kuliko alama za nyota.

Kikwazo nacho kichunguzwe. Wapendanao lazima wazuiwe na kitu, vinginevyo hakuna msuko wala taharuki. Kama kinachowazuia ni kutoelewana ambako kungekwisha kwa mazungumzo ya dakika tano wakiwa wamekaa barazani, mwandishi anawachelewesha tu ili kitabu kinenepe. Kikwazo cha kweli ni kile ambacho wakizungumza ndipo kinazidi: deni, nadhiri, mtoto, kipande cha mto ambacho wote wawili wanakihitaji.

Kuhusu ridhaa nitasema bila kuzunguka. Katika riwaya nyingi za mapenzi za kihistoria zilizotoka Marekani miaka ya 1970, shujaa humwingilia mwanamke kwa nguvu, na kitabu kinataka tuuone mwanzo huo kuwa ni ukali wa mapenzi. Vitabu vya mtumba mara nyingi ni vya umri huo, kwa hiyo angalia mwaka wa kuchapishwa. Mwaka huo utakueleza jambo hilo limetoka wapi, lakini haukupi ruhusa ya kulinyamazia. Liandike kwa jina lake. Ama matukio ya chumbani yenye hiari ya wote, usiyahukumu kwa wingi wala kwa uchache wake. Wachapishaji wa Kikristo huishia kwenye busu, wengine hawafungi mlango, na kila kitabu kina makubaliano yake na msomaji. La kuuliza ni moja tu: baada ya tukio hilo, je, kuna kilichobadilika kati yao?

Vipo vipimo vidogo vya ukweli ambavyo hufichua mengi. Kundi la ng'ombe likiswagwa kutoka Texas kwenda kwenye kituo cha reli cha Abilene huko Kansas, njia iliyoanza kutumika mwaka 1867, lilikwenda kilomita 16 hadi 24 kwa siku, na safari ilikula miezi miwili au mitatu. Farasi hachapuki usiku kucha na mchana kutwa. Anahitaji maji, majani na kupumzika kama kiumbe mwingine. Shujaa anayevuka jimbo zima kwa usiku mmoja bila farasi kulegea anatuambia kwamba mwandishi hakuwahi kuufikiria mwili wa mnyama, na ambaye hakuufikiria mwili wa mnyama mara nyingi hajaufikiria vizuri mwili wa binadamu pia.

Yasikilize vilevile maneno. Ranchi, rodeo, laso: yote hayo yana asili ya Kihispania, na wafugaji wa Kimeksiko ndio waliowafundisha Wamarekani namna ya kuchunga ng'ombe kwa farasi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Maelfu ya Wachina walichonga milima ili reli ipite, reli ileile inayombeba msichana wa kitabu chako cha kwanza. Kwa hiyo riwaya yenye wilaya nzima ya watu weupe watupu imepunguza watu, na mhakiki ana haki ya kuuliza walikopelekwa. Ukitaka kuona mfano tofauti, tangu mwaka 1994 Beverly Jenkins amekuwa akiandika riwaya za mapenzi za karne ya 19 zenye wahusika weusi, na kitabu chake cha kwanza kinamhusu, tena, mwalimu wa kike, safari hii katika mji wa Kansas ulioanzishwa na watu weusi waliotoka Kusini baada ya utumwa. Miji ya namna hiyo ilikuwepo. Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877 na upo hadi leo.

Sasa kitabu kilichokuliza. Nianze na jina uliloliandika, Wahindi Wekundu. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, lakini ni kosa la Columbus, aliyedhani amefika Bara Hindi, lililoongezewa rangi ya ngozi. Ukiandika uhakiki wako, litaje taifa husika kwa jina lake: Lakota, Cheyenne, Comanche, Apache. Na kama umepekua kitabu chote usione ni taifa gani afisa huyu alipigana nalo, umepata jambo la kuandika, kwa sababu mwandishi amejua jina la farasi wake na hakujua jina la watu aliowaua.

Kisa cha aina hii kiliwahi kufika mbele ya waamuzi. Mwaka 2021 chama kilekile nilichokitaja mwanzo kilitoa tuzo, katika kundi la riwaya zenye maudhui ya dini, kwa kitabu ambacho shujaa wake ni afisa wa jeshi la farasi aliyeshiriki Wounded Knee, kisha akatubu na kubadili maisha yake. Wounded Knee ni mahali huko South Dakota ambapo tarehe 29 Desemba 1890 askari wa Marekani waliwaua Walakota zaidi ya 150, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Wasomaji na waandishi wengi walipinga, wakisema mauaji yamegeuzwa kuwa ngazi ya shujaa kupandia. Siku chache baadaye chama kikaiondoa tuzo hiyo. Tuzo yenyewe ilikuwa mpya kwa jina, imepewa jina la Vivian Stephens, mhariri mweusi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama.

Wapo waliosema kwamba kumnyima mwandishi tuzo kwa sababu hiyo ni kukanusha toba. Hoja hiyo naiheshimu, na hapo ndipo mafundisho tuliyolelewa nayo yananisaidia kuijibu. Madrasani hufundishwa kwamba toba kwa Mungu haifuti haki za waja: uliyemdhulumu binadamu mwenzako sharti umwendee yeye, umrudishie chake au akusamehe. Kanisani nako husomwa kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Basi muulize afisa wa kitabu chako: alimwendea nani? Kama anasamehewa na Mungu katika sura moja, na binti wa mwenye duka katika nyingine, huku waliodhulumiwa hawana hata mmoja aliyepewa nafasi ya kukataa kumsamehe, basi msamaha umetolewa na watu wasiodai. Riwaya inaweza kuwa na shujaa mwenye damu mikononi. Sharti ni kwamba wenye damu hiyo, yaani waliouawa, nao wawe watu ndani ya kitabu.

Huenda kitabu chako kimelifanya hilo vizuri. Sijakisoma, na sitakuhukumia. Kirudie na kalamu. Pigia mstari kila mahali ambapo mtu wa taifa lile ana jina, na kila mahali ambapo anasema sentensi kamili isiyomhusu afisa. Kisha nenda kwenye ukurasa uliokuliza. Usiyafiche machozi hayo katika uhakiki wako kwa kuogopa kuonekana si msomi. Yaandike, utaje na ukurasa, kwa kuwa ni ushahidi kwamba mwandishi ana uwezo. Halafu waeleze wenzako watano katika ukurasa huo ulikuwa unamlilia nani, na nani mwingine alikuwepo pale.